SIRI YA MGONJWA NI AMANA: NANI ANA HAKI YA KUIFUNGUA?

(Mhadhara kwa vijana na wazazi, uliotolewa baada ya swala ya alasiri katika mwezi wa Ramadhani. Tumeuchapisha karibu kama ulivyozungumzwa.)



Wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana mlioegemea nguzo huko nyuma. Najua saa hii ni ya usingizi, koo zimekauka, na huko jikoni sambusa zimeshaanza kutuita. Sitawaweka sana. Nimeombwa nizungumze kuhusu sheria na hospitali. Mimi si shekhe wala sitajifanya. Masheikh wetu wako hapa na mambo ya fiqhi ni yao. Yangu ni sheria ya nchi, na hata hiyo nitachukua kipande kimoja tu.

Kipande chenyewe ni hiki. Anachokijua daktari kuhusu mwili wako si cha daktari, si cha hospitali, si cha babako, wala si cha jirani aliyekuona umekaa kwenye benchi la kliniki. Ni chako. Wao wamewekewa tu, kama mtu anavyowekewa dhahabu na jirani anayesafiri. Ikitokea siku ifunguliwe, kuna mtu maalumu mwenye ufunguo, na kuna sababu maalumu. Nje ya hapo ni kuvunja mlango. Na mlango ukivunjwa, sheria ya Kenya siku hizi inauliza: hii habari imetokaje?

Nasema siku hizi kwa sababu zamani haikuuliza. Hebu niwarudishe nyuma kidogo, mtadhani nimepotea njia, lakini tutarudi hospitalini.

Mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, serikali ya mkoloni inapigana na Mau Mau, kulikuwa na mtu akiitwa Kuruma wa Kaniu. Siku hiyo alikuwa kwenye baiskeli yake, akakuta kizuizi cha polisi. Wakamsimamisha, wakampekua. Polisi wakasema wamemkuta na risasi mbili na kisu kidogo cha mfukoni. Wakati huo kupatikana na risasi bila ruhusa adhabu yake ilikuwa kifo. Sasa, kanuni za hali ya hatari zenyewe zilisema upekuzi wa namna ile ufanywe na ofisa wa cheo cha mkaguzi msaidizi kwenda juu. Waliompekua Kuruma walikuwa chini ya hapo. Tena kulikuwa na mambo ya kushangaza. Kile kisu hakikuletwa mahakamani. Watu wengine waliokuwapo wakati wa upekuzi hawakuitwa kusema waliloliona. Na ilisemwa kwamba angeweza kupita njia nyingine kwenda kwao. Mtu mwenye risasi mfukoni anajipeleka mwenyewe kwa polisi?

Kesi ilipanda mpaka London, kwa majaji wa Privy Council, ambao ndio waliokuwa wa mwisho kwa makoloni. Uamuzi ukasomwa na Lord Goddard mwezi wa Disemba mwaka huo huo. Akasema mahakama haijishughulishi na namna ushahidi ulivyopatikana. Kinachotazamwa ni kama unahusu kesi. Akaacha dirisha dogo tu, kwamba jaji anaweza kuukataa ikiwa kuupokea kungemwonea mshtakiwa. Rufaa ya Kuruma ikakataliwa. Na uamuzi ule, uliotoka kwenye barabara ya vumbi ya Kenya, ukaingia katika vitabu vya sheria vya nchi nyingi zilizotawaliwa na Mwingereza. Wanafunzi wa sheria wanalisoma jina la Kuruma mpaka leo, na wengi hata hawajui kwamba alikuwa ni mtu wa kwetu.

Sasa mnaona linavyotuhusu. Kwa kanuni ya Kuruma, mtu akiiba faili lako hospitalini, akalipeleka mahakamani, jaji angeuliza: je, linahusu kesi? Linahusu. Basi lilete. Habari ya wizi ni kesi nyingine, ya siku nyingine.

Katiba ya 2010 imebadilisha hilo. Kifungu cha 50, sehemu ya 4, kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ya mtu iliyo katika Sheria ya Haki utakataliwa ikiwa kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki, au kutaharibu utoaji wa haki wenyewe. Angalieni lile neno "ikiwa". Halisemi kila kilichoibiwa kitatupwa. Jaji bado anapima. Lakini swali la "umekipata wapi?" sasa ni lazima liulizwe, na mwenye kuulizwa ni aliyekileta. Na kifungu cha 31 kimeweka faragha kuwa haki: usipekuliwe ovyo, mali yako isichukuliwe, mawasiliano yako yasiingiliwe, na habari za familia yako au mambo yako ya ndani zisitakwe wala zisifichuliwe bila sababu.

Kuna kijana ataniambia: "Lakini hayo ni ya mahakama za serikali. Sisi ndoa zetu ziko kwa Kadhi." Vizuri, twende kwa Kadhi.

Tuseme bwana na bibi wamegombana, kesi iko kwa Kadhi. Bwana ana binamu anayefanya kazi kwenye maabara fulani. Binamu anampigia picha karatasi ya vipimo vya yule bibi kwa simu, anamtumia. Bwana anaiweka mezani. Je, ni ushahidi?

Sheria ya Mahakama za Kadhi, kifungu cha 6, inasema mahakama hizo zitafuata kanuni za ushahidi za Kiislamu. Lakini haikuishia hapo. Imeongeza kwamba mashahidi wote watasikizwa bila ubaguzi wa dini wala wa mume na mke, na kwamba kila jambo litaamuliwa kwa kupima ukweli wa ushahidi wote, si kwa kuhesabu idadi ya mashahidi. Watu wengi hawakijui kifungu hicho, na mabinti wetu wengi wamekaa nyumbani na madai yao wakidhani sauti yao haitasikika.

Kuhusu ile karatasi ya kuibiwa, someni kifungu cha 24 cha Katiba, sehemu ya 4. Hapo ndipo Waislamu tumeachiwa nafasi yetu mbele ya Kadhi katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Lakini kilichopunguzwa pale ni masharti ya usawa peke yake. Faragha haikuguswa. Mimi nakisoma hivi: mtu hatoi faragha yake mlangoni kwa Kadhi kama anavyovua viatu. Bwana akitaka vipimo viingie katika kesi, aombe amri ya mahakama. Karatasi ya binamu haina mlango wa kuingilia, na binamu mwenyewe ana mashaka yake, tutayafikia.

Mtauliza, daktari si ana kinga ya kutosema? Wakili anayo, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 134, inamzuia kutoa siri za mteja wake. Mke na mume pia wamewekewa kinga ya namna yao katika kifungu cha 130. Daktari hakuwekewa kifungu kama hicho. Kiapo chake kinamfunga nje ya mahakama, lakini mahakama ikimwamuru ajibu, atajibu. Kwa hiyo siri ya mgonjwa si kufuli lisilofunguka. Ni kufuli lenye ufunguo, na ufunguo uko kwa mahakama. Mtu wa maabara hana wa kwake.

Haya, sasa tuje kwenye jambo lililoniletea vikaratasi vingi zaidi, nalo ni posa na kipimo cha HIV.

Nchini kwetu tuna Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na UKIMWI ya mwaka 2006. Kifungu chake cha 13 kinakataza mtu kumlazimisha mwingine kupimwa kama sharti la kazi, la ndoa, la kuingia shuleni, la kusafiri, au la kutibiwa na kupata bima. Ndoa imetajwa kwa jina. Kwa hiyo ile kauli ya "hakuna cheti, hakuna nikah", iwe imetoka kwa walii au kwa kamati, haina mgongo wa kisheria.

Nasikia minong'ono. Ami huyu hapa mbele anatikisa kichwa. Ami, subiri nimalize. Kulazimisha ni kitu kimoja, na kukubaliana ni kitu kingine. Mposaji na binti wakisema wao wenyewe, "Twende tupimwe kabla hatujafika mbali," wamefanya jambo la busara na sheria haina neno nao. Waende. Wale wa umri wangu tulizoea kusema "kwenda VCT". Kila mmoja ataambiwa majibu yake, kwa sababu kifungu cha 18 kinasema majibu ni ya aliyepimwa. Wakitaka kuambiwa pamoja, wataambiwa pamoja kwa ridhaa yao. Kinachokatazwa ni majibu yale kupitia mikononi mwa walii, kisha kwa khalati, kisha kwa mtu wa tatu barazani, halafu mpaka kwa muuza mahamri. Na mtu akikataa kupimwa, nawe huridhiki, una haki ya kutomwoa au kutoolewa naye. Hakuna sheria inayokulazimisha kuoa.

Wanasheria wa dunia wamebishana sana kuhusu jambo hili, na ubishi wao mzuri zaidi ulitokea India. Mwaka 1995 kulikuwa na mtu aliyekuwa na posa, tarehe ya harusi imeshapangwa. Katika shughuli nyingine kabisa alijitolea damu hospitalini. Damu ikapimwa, ikakutwa na virusi. Habari ikatoka hospitalini, ikafika kwa jamaa zake na watu wa jamii yake, harusi ikavunjika, na mwenyewe akauhama mji kwa namna watu walivyomtenga. Akaishtaki hospitali alipwe fidia. Mahakamani alifichwa jina, akaitwa Bwana X, na hospitali ikaitwa Hospitali Z. Mwaka 1998 Mahakama Kuu kabisa ya India ikasema halipwi. Ikasema faragha si haki isiyo na mpaka, na kwamba maisha ya yule msichana yaliokolewa. Tena ikaenda mbali, ikasema mtu wa hali ile haki yake ya kuoa imesimama kwanza. Maneno hayo ya ndoa yalizua kelele, na mwaka 2002 mahakama hiyo hiyo ikasema hayakuwa na haja ya kusemwa katika kesi ile.

Mimi naona majaji wale waliuliza swali zuri, wakajibu nusu. Yule msichana alikuwa na haki ya kujua, na hilo silipingi hata kidogo. Lakini haki yake ilikuwa ni yeye aambiwe, kwa utaratibu, na kwanza na yule bwana mwenyewe. Haki yake haikuwa tikiti ya mji mzima kuambiwa. Kama hospitali ingelazimika kulipa kwa ile sehemu iliyozidi, kwa wale wengine wote waliojua bila haki, nadhani uamuzi ungekaa sawa zaidi.

Na ubishi huu ni wa zamani kuliko UKIMWI. Huko California, mwaka 1969, mwanafunzi mmoja alimwambia mshauri wake wa akili kwamba anakusudia kumuua msichana fulani. Mshauri akawaarifu polisi wa chuo, wakamshika, wakaona ana akili zake, wakamwachia. Msichana hakuambiwa, wala wazazi wake. Akauawa. Wazazi wakashtaki, na mwaka 1976 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikasema mtaalamu akijua kwamba mgonjwa wake ni hatari kwa mtu fulani, ana wajibu wa kuchukua hatua za maana kumlinda mtu huyo, na asipofanya anaweza kulipishwa. Jaji mmoja aliyepinga, Clark, alitoa hoja ambayo wanasheria wanaijadili mpaka sasa. Alisema wagonjwa wakijua siri zao zinatoka, hawatakuja tena, au watakuja wasiseme. Basi wale wa hatari ndio watakaobaki bila tiba, na watu wa nje watakuwa katika hatari zaidi kuliko mwanzo.

Hoja ile ya Clark ndiyo iliyonifanya nikubali kuja kuzungumza leo. Tunadhani kufichua siri ya mgonjwa kunawalinda watu wengine. Mara nyingi kunawaumiza. Kijana akisikia tu kwamba fulani alipima zahanati ile na jioni mtaa mzima ukajua, yeye haendi. Hajui hali yake, hapati dawa. Na leo mtu anayemeza dawa zake vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Hilo limethibitishwa na utafiti. Asiyejua na asiyemeza ndiye anayeambukiza. Kwa hiyo mdomo wa mtu mmoja wa kliniki unaweza kueneza ugonjwa pasipo yeye kumgusa mtu.

Kenya nasi tuliwahi kujaribu njia ya kufichua. Sheria ile ile ya 2006 ilikuwa na kifungu cha 24. Kilimtaka mwenye virusi amjulishe kila aliye na "mgusano wa kijinsia" naye, na kikamruhusu daktari awaambie hao watu. Wasomi wakauliza: huo mgusano ni upi? Sheria haikusema. Tarehe 18 Machi 2015, majaji watatu wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na AIDS Law Project, walikifuta kifungu chote. Walisema hakieleweki, na kinavunja faragha. Hii haina maana mtu ameruhusiwa kuambukiza. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, kifungu cha 26, inasema anayeambukiza kwa kujua na kwa kukusudia anafungwa miaka isiyopungua 15, na anaweza kufungwa maisha.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa wazazi, kwa hili la orodha.

Tarehe 23 Februari 2015 kulitoka agizo la Rais kwa makamishna wa kaunti. Wakusanye habari za watoto wa shule wote wanaoishi na virusi, na za walezi wao, na za kina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio na virusi. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: serikali ijue mahitaji, ipange dawa na huduma. Lakini fikirieni orodha hiyo inavyopita. Mwalimu mkuu anaandika, ofisa wa elimu anapokea, chifu anaiona, karani anaipiga chapa. Jina la mtoto, jina la mlezi, shule. Mtoto wa darasa la nne, ambaye pengine mwenyewe hajaambiwa bado anameza dawa za nini.

Shirika la KELIN na wenzake wakaenda mahakamani. Uamuzi ukatoka tarehe 7 Disemba 2016. Mahakama Kuu ikasema agizo lile limevunja haki ya faragha ya kifungu cha 31, na limevunja kifungu cha 53 kinachotaka maslahi ya mtoto yatangulizwe. Ikaamuru, ndani ya siku 45, majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa alama, ili mtu asiweze kuunganisha jina na hali ya ugonjwa. Serikali inaweza kuhesabu. Kwa kupanga dawa inahitaji kujua ni watoto wangapi na wako wapi. Haihitaji kujua ni mtoto wa nani.

Kuna na kesi ya Kapsabet, nitaipitia mbio. Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu waliacha dawa, na hakimu akaamuru watengwe, mahali penyewe ni gerezani, kwa miezi minane. Walikaa siku 46 kabla ya kutolewa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema kuwafunga gerezani kulivunja Katiba, na ikaitaka serikali iandike sera ya kuwatenga wagonjwa kwa njia ya kibinadamu. Kifua kikuu kinapita hewani, na kuna wakati mtu ni lazima atengwe, hilo sheria inaliruhusu. Lakini jela iliyojaa watu ni mahali pa kumtenga mwenye kifua kikuu? Hapo mnamtenga na nani?

Niliahidi kumrudia yule binamu wa maabara. Mtu anayetoa siri hizi anabeba dhima. Kwa HIV kuna baraza maalumu la kusikiza kesi, limeundwa na sheria ile ile ya 2006, na linaweza kuamuru aliyeumizwa alipwe fidia. Kwa ugonjwa wowote mwingine, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo imezihesabu habari za afya kuwa ni nyeti. Unaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, kwa maandishi au hata kwa mdomo, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa katika siku 90. Msidhani hili ni la makaratasi ya zamani. Tangu Oktoba 2024 tumehamia SHA, na tuna Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023, maana yake faili lako linasafiri kwenye mitambo. Zamani aliyeiba faili alilificha kwapani. Leo ni kidole kimoja kwenye simu, na grupu la WhatsApp la familia lina watu mia mbili.

Lakini jamani, siri na kuficha ni vitu viwili. Hapa nitazungumza na wazazi bila ya kuzunguka. Mtoto akifanyiwa unyama, wa kike au wa kiume, tunasikia "tuyamalize nyumbani", "tusimwaibishe binti". Mama anamuogesha mtoto, anafua nguo, na kwa mikono yake, kwa mapenzi kabisa, ameosha ushahidi. Msimuogeshe. Nguo zile ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, manake unyevu unaharibu. Hospitali kwanza, hata kabla ya polisi, kwa sababu dawa ya kuzuia HIV ni lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nafasi yake. Daktari ataandika aliyoyaona, na polisi watatoa fomu ya P3. Hapo cheti cha hospitali ni silaha ya mtoto wenu. Na msiogope mkisikia "hakuna shahidi". Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inasema katika makosa ya namna hii mahakama inaweza kumhukumu mtu kwa ushahidi wa aliyefanyiwa peke yake, ikiwa inaridhika kwamba anasema kweli na ikaandika sababu zake. Katika kesi hizi mshtakiwa naye anaweza kulazimishwa kupimwa HIV. Ni pahali pachache ambapo sheria ya 2006 inaruhusu kulazimisha.

Haya, vikaratasi. Nimebakiwa na muda mdogo.

Huyu anauliza: "Mimi nina miaka 16 na tayari ni mama. Nikitaka kupima ni lazima mzazi anipeleke?" Kwa kawaida mtoto anahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Lakini sheria imemtoa mtoto aliye mjamzito, aliyeolewa, au aliye mzazi. Wewe una idhini yako mwenyewe. Nenda.

Huyu wa pili: "Mwajiri wangu anataka cheti cha HIV kabla ya kunipa kazi." Asikuandikishe kwa sharti hilo. Limekatazwa, liko kwenye kifungu kile kile cha 13.

Wa tatu ni mwandiko wa mtu mzima: "Nikifa, siri yangu inakufa nami? Na hawa wanaoosha maiti, wasiambiwe?" Swali zito hili, Mzee wangu. Siri haifi. Sheria inasema mtu akifa, ufunguo unakwenda kwa mwenza wake au msimamizi wa mirathi yake, na idhini yao ni ya maandishi. Ama waoshaji, wao wana haki ya kujikinga, na kinga yao ni glavu na aproni kwa kila maiti, awe mgonjwa asiwe, awe ni nani. Wakivaa kwa wote, hawana haja ya kuambiwa ya yeyote. Nimesikia kuna misikiti ambako boksi la glavu haliko kabisa. Bei yake si kubwa, na kamati iko hapa inanisikia.